Betri na tando nyembamba za mvuke: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka. Mengine ni ya wanafunzi wapya wanaokuja kujifunza mashine, mengine ni ya ndugu zangu nyumbani ambao wakisikia "ninashughulika na betri" huniagiza betri ya simu. Nimejibu kama ninavyojibu nikiwa nimesimama kando ya mashine: penye mengi nimesema mengi, pasipo na kitu sikujaza.

Kupaka kwa mvuke ni kitu gani hasa?

Chukua pakiti ya krips, ichane, itazame kwa ndani. Ule mng'ao wa fedha ni aluminiamu iliyochemshwa ndani ya chemba isiyo na hewa mpaka ikageuka mvuke, na mvuke ukatua juu ya plastiki ukaganda. Unene wake ni makumi ya nanomita tu. Unywele wako una nanomita zipatazo elfu sabini.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Maada inageuzwa mvuke, mvuke unasafiri, unatua juu ya kitako na kuwa utando. Kitako chaweza kuwa kioo, kipande cha silikoni, yakuti samawi au karatasi ya shaba. Tofauti ya kwetu na ya mwenye krips ni kwamba sisi tunapaka vitu vinavyopokea lithiamu na kuitoa, na atomi ngeni chache tu zinatosha kutuharibia wiki nzima.

Betri za dukani hazitengenezwi hivyo. Kwa nini mnajisumbua?

Ni kweli. Kiwandani, kathodi, yaani ncha chanya ya betri, huanza kama uji: unga wa kemikali, kaboni nyeusi, gundi na kiyeyushi vinakorogwa pamoja, vinapakwa juu ya karatasi ya aluminiamu, vinakaushwa, kisha vinabanwa. Unapata tabaka la mikromita 50 hadi 100 kwa haraka na kwa bei nafuu.

Shida huja unapotaka kujua jambo moja peke yake. Tuseme betri imepoteza nguvu baada ya kuchajiwa mara mia mbili. Je, ni unga uliopasuka? Gundi iliyoachia? Elektroliti, ile maada inayopitisha ioni kati ya ncha mbili za betri, iliyooza pale ilipogusana na kaboni? Uji huo una mipaka mingi mno, kila punje imegusana na vitu vitatu au vinne, nawe unapima jumla ya yote.

Utando hauna gundi wala kaboni. Ni maada yenyewe, bapa, yenye unene unaoujua na eneo unalolijua, na mpaka wake na elektroliti ni mmoja. Ukipima ukinzani wa mpaka huo, namba unayoipata ina mwenyewe. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi kwamba hapa kwetu utando ni swali tunaloiuliza maada. Anayekuja akitegemea kutoka na betri ya gari huondoka na huzuni.

Kwa hiyo simu yangu haitatumia betri ya aina hii?

Tupige hesabu. Utando wa lithiamu kobalti oksaidi, maada ya kathodi, wenye unene wa mikromita 1 na eneo la sentimita 1 ya mraba una uzito wa nusu miligramu hivi. Huo unatunza chaji ya maikroampea-saa 69. Betri ya simu ya kawaida siku hizi ni miliampea-saa 5,000. Gawanya: unahitaji utando wa zaidi ya mita 7 za mraba. Ukiutandika kwenye chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, unafunika zaidi ya robo tatu ya sakafu. Na mashine niliyonayo hupaka eneo la kiganja, tena kwa saa nyingi.

Betri za tando zimewahi kufika sokoni, lakini kwa kazi ndogo. STMicroelectronics waliuza moja, EnFilm, yenye miliampea-saa 0.7, nyembamba kama kadi ya karatasi ngumu. Vitu vya namna hiyo vinafaa kihisio kidogo au saketi inayohitaji kuamka mara moja kwa muda na kulala tena. Mtu asikuuzie zaidi ya hapo.

Njia ni ngapi, na nianze na ipi?

Zipo nyingi, ila kwenye betri utakutana na nne au tano.

Ya kwanza ni kuvukiza kwa moto: unaweka metali kwenye kikombe cha tantalamu au molibdenamu, unapitisha umeme, kikombe kinakuwa chekundu, metali inapaa. Ndivyo tunavyopaka lithiamu yenyewe. Lithiamu huyeyuka kwenye nyuzi 180 tu, na ikikaribia 400 ndani ya ombwe zuri, yaani mahali palipoondolewa hewa, inaanza kuruka vya kutosha.

Ya pili ndiyo mama wa kazi zetu. Maabara wengi husema "kuspata", mimi napenda kusema kupopoa, kwa sababu ndicho kinachofanyika, sawasawa na watoto na mwembe. Unaingiza gesi ya agoni kidogo kwenye chemba, unawasha umeme wa kasi ya megahezi 13.56, agoni inawaka plazima ya zambarau, yaani gesi iliyovunjika kuwa ioni na elektroni. Ioni za agoni zinarushwa kwenye tageti, yaani sahani ya ile maada unayoitaka, kwa nguvu ya volti mia kadhaa, na kila jiwe linaangusha embe: atomi moja mbili zinabanduka na kwenda kutua juu ya kitako. Faida yake ni kwamba unaweza kupopoa karibu chochote, hata oksaidi zisizopitisha umeme na ambazo zingeungua vibaya kwenye kikombe.

Lakini mwembe huu una hila. Lithiamu ni atomi nyepesi mno. Ikigongana na gesi njiani inapotea pembeni. Kobalti inafika, lithiamu inapungua. Kwa hiyo tageti hutengenezwa ikiwa na lithiamu ya ziada, na hata hivyo unapima kila utando unapotoka. Mwanafunzi asiyepima muundo akaamini kibandiko cha kwenye tageti, huyo nimeshamwona mara nyingi, na mara moja alikuwa mimi.

Ya tatu ni leza ya mapigo. Leza ya urujuanimno, kwa kawaida ya nanomita 248, inapiga tageti na kurusha wingu la maada kama cheche za mchomeaji vyuma. Hii huhifadhi vizuri uwiano wa elementi, na inaweza kukupa utando ambao fuwele zake zote zimeelekea upande mmoja. Mwaka 2015 kundi la watafiti wa Japani waliunganisha lithiamu kobalti oksaidi iliyopakwa kwa leza na elektroliti kavu, wakapata ukinzani wa mpaka wa omu 8.6 tu kwa sentimita ya mraba. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba mpaka wa kavu kwa kavu lazima uwe mzito. Kumbe mwingi wa uzito huo ulitokana na jinsi mpaka ulivyotengenezwa.

Mbili zilizobaki ni mvuke wa kikemia, ambapo gesi zinamenyuka juu ya kitako chenye moto, na upakaji wa tabaka moja moja la atomi, ambao nitaueleza peke yake.

Anza na kupopoa. Ukijua hiyo, nyingine utazisoma kwa wiki.

LiPON ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye maabara ya taifa ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee, Marekani, John Bates, Nancy Dudney na wenzao walikuwa wakipopoa lithiamu fosfeti. Badala ya agoni wakatumia naitrojeni. Naitrojeni kidogo ikaingia ndani ya utando, na kilichotoka kilikuwa kioo kinachopitisha ioni za lithiamu mara makumi kuliko fosfeti tupu, na kisichopitisha elektroni. Ndicho kinachoitwa LiPON, kwa herufi za elementi zake: lithiamu, fosforasi, oksijeni, naitrojeni. Wenyewe hutamka "laipon".

Ukiisoma namba yake peke yake utacheka. Upitishaji wake ni kama siemensi 0.000002 kwa sentimita. Elektroliti ya majimaji ya betri ya kawaida inaizidi mara maelfu. Sasa ingiza unene. Kipande cha LiPON chenye unene wa milimita 1 kingekuwa na ukinzani wa omu 50,000 kwa sentimita ya mraba, yaani hakifai kitu. Kipunguze mpaka mikromita 1, ukinzani unashuka hadi omu 50, na betri inafanya kazi. Maada ileile. Wembamba ndio uliomwokoa. Nikitaka kumwonyesha mtu kwa nini tunapaka kwa mvuke, huu ndio mfano wangu, sina mwingine unaoushinda.

Na ni mvumilivu kupita kiasi. Inakaa na lithiamu metali bila kulana nayo kwa namna ya kuonekana, na inastahimili zaidi ya volti 5 upande wa pili. Mwaka 2015 watu wa Oak Ridge walichapisha betri ya LiPON yenye kathodi ya nikeli na manganizi ya volti za juu, iliyochajiwa na kutumika mara 10,000 ikabaki na zaidi ya asilimia 90 ya uwezo wake. Ukichaji simu mara moja kwa siku, hiyo ni miaka 27.

Kwa nini inadumu hivyo? Mwaka 2020 kundi la mtafiti Shirley Meng, wakati huo Chuo Kikuu cha California, San Diego, liliutazama mpaka wa lithiamu na LiPON kwa hadubini ya elektroni huku sampuli imegandishwa, na wakakuta ukanda wa mpito usiozidi nanomita 80, wenye mchanganyiko unaobadilika polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Si ukuta, ni mteremko. Betri zenye elektroliti ya majimaji hujenga ukanda wao zenyewe, wenye viraka, unaopasuka na kujengwa upya kila siku, na kila ujenzi unakula lithiamu.

Kwa nini lazima kuwe na ombwe? Na kwa nini inachukua muda wote huo?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni njia. Katika hewa ya kawaida atomi haiendi popote, inagongana na nyingine kila baada ya sehemu ndogo mno ya milimita. Ukishusha shinikizo hadi paskali 1, inaweza kwenda milimita 6 au 7 kabla ya kugongana. Ukifika paskali 0.001, inaweza kwenda mita 6, na chemba yangu haina hata nusu mita.

Ya pili ni usafi, na hapa ndipo watu hawaamini. Hata kwenye shinikizo la karibu paskali 0.0001, ambalo geji yako inakuonyesha kwa fahari, kila uso ndani ya chemba unapigwa na gesi zilizobaki kiasi cha kufunikwa na tabaka zima la molekuli kwa muda wa kama sekunde moja. Sekunde moja! Sasa wewe unapaka lithiamu, inayoshika maji, oksijeni, hata naitrojeni. Usipokuwa na ombwe zuri, unachokipaka ni lithiamu kwa jina.

Ndiyo sababu tunapampu usiku kucha. Maji ndiyo mkaidi. Yanang'ang'ania kuta za chuma, nasi tunazipasha moto kuta ili yaachie. Wakati mmoja shinikizo liligoma kushuka kwa siku mbili. Nilibadilisha vali, nikalaumu pampu, nikapuliza heliamu kila kona kutafuta tundu. Siku ya tatu nilifungua mlango na kupitisha kidole kwenye ringi ya mpira: unywele mmoja, tena mweupe, umelala juu yake. Mweupe maana yake ulikuwa wangu, hapakuwa na wa kumsingizia.

Tundu likikosekana kabisa, angalia skrubu za ndani. Skrubu iliyoingizwa kwenye shimo lisilotoboka upande wa pili huficha hewa chini yake na kuiachia kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Nunua skrubu zilizotobolewa katikati.

Unene wa utando unapimwaje wakati unapakwa?

Kwa fuwele ya kwatsi, ndugu ya ile inayotunza saa kwenye saa ya mkononi. Inatetemeka mara milioni 5 au 6 kwa sekunde. Utando ukitua juu yake inakuwa nzito, inatetemeka polepole kidogo, na kompyuta inageuza tofauti hiyo kuwa nanomita. Lakini kwatsi haikai mahali penye kitako chako. Kwa hiyo mwishoni kwangua kijimstari, upime kimo cha ngazi. Usiandike kwenye makala unene wa skrini peke yake.

Upakaji wa tabaka moja moja la atomi unafanyaje kazi?

Hii ndiyo njia ninayoihusudu, ingawa mashine yake haipo kwenye chumba changu.

Unaingiza mvuke wa trimethilaluminiamu. Kila molekuli inakamata nafasi yake kwenye uso, na nafasi zikijaa, zinazobaki hazina pa kukaa. Fikiria basi la mikoani, si daladala: viti vikiisha, hakuna kusimama. Unafagia zilizobaki kwa gesi safi, kisha unaingiza mvuke wa maji. Maji yanamenyuka na zile zilizokaa, unapata aluminiamu oksaidi, na uso uko tayari kupokea abiria wengine. Kila mzunguko unaongeza nanomita 0.1 hivi. Ukitaka nanomita 1, hesabu mizunguko tisa au kumi. Unene unaupata kwa kuhesabu, kama shanga za tasbihi.

Tuomo Suntola wa Finland alianza kuitengeneza mwaka 1974 kwa ajili ya skrini bapa, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Teknolojia ya Milenia. Wanakemia wa Leningrad walikuwa wamepita karibu na wazo hilohilo katika miaka ya 1960.

Uzuri wake kwa betri ni kwamba gesi inaingia popote, hata ndani ya rundo la unga. Kupopoa hufunika uso ulioelekea tageti tu, kama jua linavyopiga upande mmoja wa nyumba. Njia hii inaifunika kila punje pande zote. Mwaka 2010 watafiti wa Colorado walipaka unga wa lithiamu kobalti oksaidi kwa mizunguko miwili tu. Baada ya kuchajiwa mara 120 hadi volti 4.5, unga uliopakwa ulibaki na asilimia 89 ya uwezo wake, na usiopakwa asilimia 45. Mizunguko miwili! Huo hata hauwezi kuitwa utando, ni kivuli cha utando.

Mfano mwingine ni wa Chuo Kikuu cha Maryland, mwaka 2017. Walikuwa na elektroliti kavu ya jamii ya ganeti, yenye lithiamu, lanthanamu na zirkoniamu. Inapitisha ioni vizuri, lakini lithiamu metali haikubali kuilowesha. Inakaa juu yake kwa matone, kama maji juu ya jani la muhogo. Wakaipaka aluminiamu oksaidi nyembamba kwa njia hii. Lithiamu iliyoyeyushwa ikatandaa, na ukinzani wa mpaka ukashuka kutoka omu 1,710 hadi omu 1 kwa sentimita ya mraba. Aluminiamu oksaidi ni kihami, kwa hiyo ukifikiri kijuujuu ungetegemea iongeze ukinzani. Kilichotokea ni kwamba inakula lithiamu kidogo na kugeuka kitu kingine kinachoipitisha.

Na silikoni? Nasikia ndiyo itachukua nafasi ya grafiti.

Grafiti, kaboni ya anodi (ncha hasi) ya betri za kawaida, inatunza miliampea-saa 372 kwa gramu, silikoni karibu 3,600. Kwa hiyo unaona watu wanavyoimezea mate. Lakini silikoni ikishiba lithiamu huvimba hadi karibu mara nne ya ujazo wake, na ikitolewa inasinyaa. Punje inavunjika.

Hapa utando umetufundisha jambo: silikoni iliyopopolewa juu ya shaba iliyokwaruzwa, ikiwa na unene wa nanomita mia chache, haina haja ya kuvunjika. Pembeni imeshikwa, kwa hiyo inavimba kwenda juu tu. Ukiongeza unene, inapasuka vigae vigae kama tope la bwawa wakati wa kiangazi, na ukiitazama kwa hadubini utadhani uko Tarangire mwezi wa kumi.

Ninaweza kujaribu michanganyiko mingi kwa wakati mmoja?

Ndiyo, na ni raha. Weka tageti mbili zilizokabiliana, bati upande huu na kobalti upande ule. Kitako kilicho katikati kinapata bati nyingi mwisho mmoja na kobalti nyingi mwisho wa pili, na kati yake kila uwiano unaoweza kuufikiria. Kundi la mtafiti wa betri Jeff Dahn kule Halifax, Kanada, lilitumia njia ya namna hii kuchunguza anodi za bati, kobalti na kaboni, likipima seli 64 kwa sahani moja. Mchana mmoja unafanya kazi ya muhula.

Naona makala zinazotaja miliampea-saa kwa gramu za kushangaza kwenye tando. Niziamini?

Polepole. Utando wako wote una uzito wa nusu miligramu, mara nyingi chini ya hapo. Mizani isiyo ya hali ya juu inakosea kwa kiasi kinachokaribia uzito huo. Mwandishi akikosea unene kwa asilimia 20, au akichukua msongamano wa kwenye kitabu wakati utando wake una vinyweleo, namba ya "kwa gramu" inapanda tu kama mkate wenye hamira. Mimi hutafuta maikroampea-saa kwa eneo na kwa unene. Kwa lithiamu kobalti oksaidi, ukiona mtu amezidi sana ile 69 niliyoitaja bila kupandisha volti, rudi kwenye sehemu ya vipimo usome tena.

Jambo jingine ni lile la kasi. "Inachaji kwa sekunde kumi" kwenye utando wa nanomita 50 haina ajabu. Ioni haina safari ya kwenda. Muda wa kupenya unakua kwa mraba wa unene: ongeza unene mara kumi, subiri mara mia.

Utando wangu umebanduka wote ulipotoka kwenye tanuri. Nimekosea wapi?

Kama ni platinamu juu ya oksaidi, hukuweka titani chini. Platinamu haishikani na oksaidi. Inahitaji nanomita kumi hivi za titani au kromiamu kama gundi. Lithiamu kobalti oksaidi ikishapopolewa hupashwa moto hadi nyuzi 500 au 700 ili fuwele zake zijipange, na katika joto hilo kila kitu kinapanuka kwa kiwango chake. Kipoze taratibu. Na kabla ya yote, ulikiosha kitako, kisha ukakishika kwa kidole?

Tageti inatoka wapi? Kobalti yake ni ya Kongo?

Kuna uwezekano mkubwa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchimba takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na moyo wake ni Kolwezi, mkoani Lualaba, ambako wachimbaji wanaongea Kiswahili kama mimi na wewe. Tageti ya upana wa sentimita 5 na unene wa milimita 3 ina gramu kama 27, na gramu 16 kati ya hizo ni kobalti. Huwa inanijia ninapoifungua kwenye mfuko wake uliofyonzwa hewa: imetoka ardhini kwetu, ikazunguka dunia, ikarudi mkononi mwangu na karatasi ya bei ambayo sitaitaja.

Je, Afrika Mashariki kuna mahali pa kujifunzia?

Kupopoa kupo. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefanya kazi kwa muda mrefu na tando nyembamba, zikiwemo za vanadiamu dioksaidi kwa vioo vya madirisha vinavyozuia joto, kwa ushirikiano na Uppsala, Uswidi. Ombwe ni lilelile, plazima ni ileile. Kinachoongezeka kwenye betri ni sanduku la glavu lenye agoni, ambalo maji na oksijeni ndani yake havizidi sehemu moja kwa milioni, na mashine ya kuchaji na kupima. Aliyejifunza kwenye vioo vya madirisha ana theluthi mbili za ufundi.

Hatari ni zipi?

Trimethilaluminiamu inawaka yenyewe ikigusa hewa. Silani, gesi ya silikoni, vilevile. Lithiamu ikishapakwa kwenye kuta za chemba ni nyeusi na ina hasira. Usiifute kwa kitambaa chenye maji eti unasafisha. Umeme wa plazima unaunguza nyama kwa ndani kabla ngozi haijajua. Na agoni haina harufu: chumba kidogo, mtungi unaovuja, mtu analala haamki.

Utando wangu umetoka na rangi za upinde wa mvua. Umeharibika?

Hapana, furahi. LiPON ni angavu. Ukiipaka juu ya silikoni, mwanga unarudi kutoka juu na kutoka chini ya utando, na miali hiyo miwili inajumlishana au kufutana kulingana na unene, kama mafuta ya gari juu ya dimbwi. Rangi moja kila mahali maana yake unene ni mmoja. Aliyezoea hutaja unene kwa macho, na akikosea hakosei sana.

Kipande changu cha kwanza bado ninacho kwenye droo. Upande mmoja ni kijani, upande wa pili ni zambarau, na katikati kuna mstari wa manjano uliopinda. Kitako kilikuwa kimekaa upogo kwenye klipu, nami sikuangalia kabla ya kufunga mlango.